Diski Haina Hatia: Hotuba ya Bingwa wa Kujiteua Mbele ya Wakaaji wa Makobola

Waheshimiwa machifu wa vijiji, wachungaji na mapadri, walimu wenye mishahara na walimu wasio nayo, wamama wa ndagala, wavuvi mliotoka ziwani alfajiri na bado mnasinzia, wenye sekretariati publiki mliofunga milango kwa heshima yangu, na nyinyi wanafunzi wa TFC, ile kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo, ambao machozi yenu ndiyo sababu ya kikao hiki: itifaki yote imezingatiwa, na kama kuna mkubwa niliyemsahau, na ajitambulishe mwenyewe kwa sauti ya chini. Nasimama hapa kama bingwa pekee wa maradhi ya diski katika mwambao huu wote, kuanzia daraja la Ruzizi hadi Baraka. Cheo hicho sikupewa na mtu. Kilikuwa wazi, hakuna aliyekidai, nikakichukua. Vyuo vikuu havijaniandikia barua ya pongezi, jambo linaloonyesha tu jinsi posta ilivyodhoofika. Leo nitathibitisha neno moja, nalo nitalishikilia mpaka jua lizame nyuma ya Mitumba: mafaili yanapovurugika kwenye kompyuta ya zamani, diski iwe ya mwisho kulaumiwa. Andikeni. Asiye na kalamu akumbuke. Asiye na kumbukumbu aketi karibu na mwenye kalamu.

Kompyuta ninayoisema mnaijua. Ni ile ya nyumbani, ya mezani, yenye kasha la rangi ya maziwa lililogeuka rangi ya chai. Pentium 4, memori ya megabaiti 512, diski ya gigabaiti 40, Windows XP. Ilianza kazi katika ofisi fulani ya Bulaya, ikastaafishwa, ikapakiwa kontenani kama okazioni, ikashuka Dar es Salaam, ikafika Kigoma kwa reli au kwa lori, ikavuka ziwa hadi bandari ya Kalundu, kisha ikaletwa huku kusini juu ya magunia ya unga kwenye barabara ya taifa namba 5, ambayo adabu inanizuia kuieleza. Sasa inapiga chapa barua za ukoo, hesabu za likelemba na kazi za wanafunzi. Siku moja picha ya bibi harusi inafunguka hadi kifuani, na chini yake ni kijivu kitupu. Hati ya kurasa 60 inaonyesha vijisanduku na alama za kuuliza kuanzia ukurasa wa 14. Kila asubuhi Windows inawaka na skrini ya bluu ikidai kuichunguza diski, na ikimaliza inaacha folda iitwayo FOUND.000, imejaa vipande vya mafaili visivyo na majina ya maana. Anaitwa fundi. Fundi anatikisa kichwa na kutamka hukumu: diski imekufa. Kisha anatamka neno la pili, ambalo ndilo lenye bei: tuformati.

Hukumu hiyo ina kasoro kubwa, na kuiona hakuhitaji cheti, kunahitaji kujua diski inafanyaje kazi. Diski ngumu, au diski duru kama wengi wenu mnavyoiita, ina sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nanomita chache, wakati unywele mmoja wa mwanadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kazi ya namna hiyo haiwezi kwenda bila makosa, na wahandisi wanalijua hilo. Kwa hiyo kila sekta, ambayo kwenye diski za zamani hubeba baiti 512, huandikwa pamoja na alama za ziada za kuikagua. Diski ikisoma, inalinganisha data na alama zake. Kosa dogo inalisahihisha kimyakimya. Kosa kubwa inajaribu tena na tena, ndipo mnaposikia ile tik-tik na kuona kompyuta imeganda, na mwisho inasema wazi: sekta hii haisomeki. Heri ikatae kutoa data kuliko kutoa data ya uongo. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hoja yangu yote inaposimama. Diski inayokufa inachelewa, inagonga, inakataa, inatoa ujumbe wa kosa. Hati inayofunguka upesi bila malalamiko yoyote, huku imejaa takataka, hiyo diski imeisoma sawasawa kabisa. Imesoma takataka kwa sababu ilipewa takataka iziandike.

Ndagala wakifika soko la Uvira wameoza, mama mwenye akili haipigi meza. Anauliza walikaa saa ngapi mtumbwini, walianikwa wapi, walipakiwa na nani. Herufi mnazozichapa nazo zina safari: zinatoka kwenye kibodi, zinakaa kwenye memori, zinapita kwenye ubao mama, zinasafiri kwenye kebo, ndipo zinafika kwenye diski, na safari yote hiyo inategemea umeme. Mahali pa kwanza pa kutilia shaka ni memori. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha matokeo ya kuchunguza mashine za Google kwa miaka kadhaa, wakakuta kwamba kila mwaka zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya memori vilipata hitilafu. Na zile zilikuwa seva, zenye memori inayojikagua. Kompyuta yako ya nyumbani haina memori ya namna hiyo. Ikigeuza herufi moja haijui, nawe hujui, na diski inaipokea herufi hiyo mbovu, inaiwekea alama za ukaguzi zilizo sahihi kabisa, na kuihifadhi kwa uaminifu mkubwa. Kosa limetiwa muhuri. Kutoka hapo hakuna atakayelitambua, isipokuwa mwalimu msimamizi wa TFC.

Nasikia mguno kule nyuma: maneno ni rahisi, ushahidi uko wapi? Ushahidi upo, na hauna gharama. Washa kompyuta kwa sidii ya Linux, ile inayofanya kazi bila kusakinishwa, kisha chukua faili moja kubwa, tuseme filamu, na ulipitishe kwenye programu ya md5sum. Programu hiyo inasoma faili zima kuanzia mwanzo hadi mwisho na kutoa mstari wa herufi na tarakimu 32. Uandike mstari huo kwenye daftari. Rudia. Faili ni lile lile, halijaguswa, kwa hiyo mstari lazima uwe ule ule. Ukibadilika bila diski kutoa ujumbe wowote wa kosa, basi kilichobadilika si kilichoandikwa kwenye sahani. Ni kinachotokea njiani, yaani memori, ubao au kebo. Ila hapa wajanja wengi huteleza, nami kwa ukarimu wangu nawaonya: faili liwe kubwa kuliko memori ya kompyuta. Ukiwa na memori ya megabaiti 512 na faili la megabaiti 50, mara ya pili kompyuta haiendi hata kwenye diski, inakusomea ile nakala iliyobaki kwenye memori, nawe unatoka na furaha ya bure. Tumia faili la gigabaiti moja, au zima kabisa kati ya jaribio na jaribio. Baada ya hapo iache programu ya Memtest86+ izunguke usiku kucha, kama umeme utakubali kukesha nayo. Ikionyesha mstari mwekundu hata mmoja, chomoa vipande vya memori, safisha meno yake ya dhahabu kwa gomu ya penseli, rudisha kimoja kimoja, pima tena. Hakuna aliyewahi kufilisika kwa kununua gomu.

Kutoka memori twende kwenye kebo, ambayo mafundi huidharau kwa sababu haina taa. Diski za zama hizo huunganishwa kwa ule utepe mpana wa IDE. Upo utepe wa nyaya 40 na upo wa nyaya 80. Vichwa vyake vina matundu yale yale, na kwa haraka vinafanana. Nyaya 40 za ziada hazibebi data, kazi yake ni kutenganisha zile nyingine zisivurugane, na diski inayokwenda kwa kasi inazihitaji. Utepe usizidi sentimita 46. Ule wa nyaya 80 una rangi kwenye vichwa: bluu inaingia kwenye ubao mama, nyeusi kwenye diski kuu, kijivu kwenye ya pili, lakini fungueni kasha lolote lililosafiri juu ya magunia kutoka Kalundu, muone utepe umepindwa na kukunjwa ili mfuniko ufunge. Windows XP ikikutana na makosa ya kebo mara sita, inashusha kasi ya diski hatua kwa hatua hadi ile njia ya kizamani iitwayo PIO, na haikuambii kitu. Mwenye kompyuta anaona imekuwa nzito kama bugali wa juzi, anaitukana diski. Na ubaya wa njia ya PIO hauishii kwenye uzito. Njia za kasi, zile za Ultra DMA, zina ukaguzi wa data inapopita kwenye kebo, PIO haina. Kwa hiyo kompyuta iliyokimbia makosa imehamia kwenye njia ambayo makosa hayaonekani. Diski yenyewe huwa imeandika malalamiko yake katika kumbukumbu zake za afya ziitwazo SMART, kwenye kipengele namba 199 kinachohesabu makosa ya kebo. Namba hiyo ikipanda huku kipengele namba 5, cha sekta zilizohamishwa, kikibaki sifuri, diski inakulilia uitazame kebo. Fundi aliyekwisha sema «tuformati» hana muda wa kusikiliza kilio.

Sasa naingia kwenye umeme, na nawaomba wenye gurupe, yaani jenereta, wasiondoke. Moto wa Uvira unatoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi, la kwanza lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili lililoanza kazi mwaka 1989, ambalo tunagawana na Rwanda na Burundi. Walaji wameongezeka, mto haukuongezeka, na delestaji tumeizoea. Lakini nguvu inayokatika kwa saa sita si adui mkubwa wa mafaili, maana kompyuta iliyozimika haiandiki kitu. Adui ni ule mkatiko mdogo ambao hata taa hauizimi. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani wimbi moja huchukua milisekunde 20. Pawa saplai iliyo nzima hutakiwa kuvumilia ukosefu wa umeme kwa takriban milisekunde 16. Wimbi moja likipotea, tayari tumevuka mpaka, na jicho la mtu halijaona hata taa kupepesa. Volti zikishuka wakati diski iko katikati ya kuandika, sekta hii inabaki na maneno mapya na jirani yake inabaki na ya zamani, au orodha ya mafaili inasema kitu ambacho sahani hazina. Diski iliyoundwa kwa mfumo wa FAT32 haina ulinzi wowote hapo. Ya NTFS inaweka shajara ya mabadiliko, lakini shajara hiyo inalinda orodha, hailindi yaliyomo. Unaweza kulikuta jina la TFC yako salama salimini, na ndani yake ni sifuri tupu.

Isitoshe, pawa saplai ya okazioni siyo nzima. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, viwanda vingi vilitumia kapasita mbovu, ambazo baada ya miaka michache hufura vichwa na kuvuja maji ya kahawia. Fungueni kasha, mtazame zile silinda ndogo kando ya prosesa; kichwa chake kinatakiwa kuwa bapa, si kama tumbo la mtu wa protokoli. Kisha mwiteni kijana anayetengeneza simu, aje na multimita yake, maana huyo mnamdharau lakini ana kifaa ambacho fundi wa kuformati hana. Waya mweusi ni wa ardhi. Waya mwekundu unatakiwa kutoa volti 5, na ruhusa ni kuanzia 4.75 hadi 5.25. Wa njano unatakiwa kutoa 12, kuanzia 11.4 hadi 12.6. Pimeni wakati diski inafanya kazi, inakopi mafaili, si wakati kompyuta imelala, kwa maana wakati wa kulala hata mgonjwa anaonekana mzima. Na juu ya yote hayo kuna radi. Watafiti waliotumia data za setilaiti walitangaza mwaka 2016 kwamba Kabare, hapa hapa katika jimbo letu la Kivu Kusini, hupata miali 205 ya radi kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka, ikiongoza Afrika nzima na kuachwa nyuma kidogo tu na ziwa Maracaibo la Venezuela duniani. Mtu anayeishi chini ya anga hilo, akaacha kompyuta kwenye ukuta bila onduleri huku mawingu yanashuka kutoka nyanda za juu, kisha akasema diski za siku hizi hazina ubora, huyo namwachia Mungu.

Kuna chanzo kingine ambacho hakihitaji hata kitu kuharibika. Diski ya gigabaiti 40 inajaa, mwenye nyumba ananunua ya gigabaiti 160 Bujumbura, anaifunga mwenyewe, anafurahi. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilijua kuhesabu sekta hadi gigabaiti 137 tu. Uwezo wa kuvuka hapo ulikuja na kifurushi cha marekebisho cha mwaka 2002, na ubao mama nao unatakiwa kuuelewa. Bila hivyo, kila kitu kinakwenda vizuri kwa miezi, mpaka siku mafaili yanapofika kwenye mpaka ule. Hapo mfumo unakosa namba, unarudi mwanzo wa diski, na kuandika filamu ya Kinigeria juu ya orodha ya mafaili yote. Diski ni mpya. Kebo ni mpya. Umeme ni mzuri, tuseme tuko Kanaani. Na data imekwisha. Mwaka 2001 huo huo dunia iligundua kwamba baadhi ya mbao mama zenye chipu ya VIA 686B zilivuruga data wakati wa kukopi mafaili makubwa, na waathirika wengi walianza kwa kuzilaumu diski zao. Kwa hiyo msidhani uonevu huu ulizaliwa Makobola. Tumeurithi kutoka nchi zenye maabara.

Najua kuna mapingamizi, na mabingwa wa kweli huyapokea kabla hayajasemwa. La kwanza linatoka kwa wale wanaojua kuandika chkdsk. Wanasema: programu ya Windows yenyewe imekuta makosa kwenye diski, wewe ni nani? Mimi ni bingwa, nimekwisha sema. Nao wamesoma vibaya. Chkdsk, ikiendeshwa kwa namna ya kawaida, inakagua hesabu za mfumo wa mafaili: faili gani liko wapi, sekta ipi ni ya nani. Makosa ya hesabu hayasemi nani aliyekosea. Ni pale tu inapoamriwa kusoma sekta zote moja moja, na kukuta zisizosomeka, ndipo inapozungumza juu ya afya ya diski. Tena ina hatari ambayo wachache wanaitaja. Ikiendeshwa kwenye kompyuta yenye memori mbovu, inasoma orodha iliyo nzima, inaiona mbovu kwa sababu macho yake ndiyo mabovu, na kuirekebisha mpaka iharibike kweli. Ile FOUND.000 mara nyingi ni kaburi lililochimbwa na daktari.

Pingamizi la pili: mbona nikiformati kompyuta inapona? Haiponi, inasahau. Kuformati na kusakinisha upya kunafuta mafaili mabovu pamoja na mazuri, kwa hiyo kwa majuma machache hakuna kibovu cha kuonekana. Memori ile ile, kebo ile ile na pawa saplai ile ile zinaendelea na kazi yake, na mwezi unaofuata fundi anaitwa tena. Sisemi kwamba anafurahi. Nasema tu kwamba analipwa mara mbili kwa ugonjwa mmoja, na kwamba katika biashara zote za mwambao huu, hii ndiyo pekee ambapo mteja anatoa asante anapochomewa nyumba. Wale wanaosema ni virusi, hawana haja ya aya nzima: virusi vipo, vingi hufika kwa flashi, hupenda kuficha folda na kuacha vijinjia vya mkato vya uongo mahali pake; havina kawaida ya kula nusu ya chini ya picha ya harusi. Wanaosema ni jicho la jirani, nawasalimu. Wanaosema ni joto la ziwa, wajue kwamba Google walipochunguza diski zaidi ya 100,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2007, hawakuona joto la kawaida kuwa muuaji mkubwa, isipokuwa lilipozidi sana. Na anayesema hewa yetu ni nyepesi kiasi cha kichwa cha diski kushindwa kuelea, ziwa liko mita 773 hivi juu ya bahari. Watengenezaji wengi huruhusu diski kufanya kazi hadi mita 3000. Apeleke hoja hiyo Minembwe, na hata kule itashindwa.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na nalileta mwenyewe ili mtu asije akajisifu kwamba amenishinda. Diski nazo hufa. Uchunguzi ule ule wa Google ulionyesha kwamba diski iliyopata kosa lake la kwanza la kusoma wakati wa ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Ulionyesha pia kwamba asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote la SMART, ukiacha joto. Na mwaka 2008, watafiti waliotazama diski milioni 1.53 kwa muda wa miezi 41 walikuta zaidi ya mara 400,000 ambapo data iliyosomwa haikulingana na alama yake ya ukaguzi, yaani ule uharibifu wa kimya ambao nimesema diski haiufanyi. Je, hoja imeanguka? Tazameni namba vizuri. Kati ya diski za bei nafuu, zinazofanana na za nyumbani, zilizopata tatizo hilo hata mara moja katika miezi 17 zilikuwa asilimia 0.66. Haifiki moja katika mia. Linganisheni na ile asilimia 8 ya memori kwa mwaka, tena memori ya seva iliyokaa kwenye chumba chenye ubaridi na umeme usioyumba. Uharibifu wa kimya ndani ya diski upo, lakini mtu anayeanzia hapo anaacha njia pana na kuingia kichakani. Na hao watafiti waliligundua tatizo kwa sababu mifumo yao ilikuwa inakagua kila kitu. Sisi tunakagua kwa kufungua faili siku ya kulihitaji.

Ila pingamizi hili limenilazimisha kuongeza jambo moja, na nitaliongeza kana kwamba lilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo. Kwa kuwa diski inaweza kufa bila onyo, na kwa kuwa hatujui bado nani mkosaji, kazi ya kwanza si kutengeneza. Ni kutoa nakala, na nakala hiyo isitolewe ndani ya kompyuta inayotiliwa shaka, maana ukikopi kupitia memori mbovu unazalisha ubovu wa pili. Zima. Chomoa diski. Ipeleke kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, hata ya sekretariati publiki ya jirani, kwa kile kiunganishi kidogo cha IDE kwenda USB. Kama diski inasomeka bila kelele, kopi mafaili na funga mjadala. Kama inagonga au inaganda, tumia programu ya GNU ddrescue, ambayo ni ya bure: inanyakua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, inaandika kwenye ramani sehemu zilizogoma, kisha inazirudia baadaye, hata kesho, hata umeme ukikatika katikati, bila kuanza upya. Chkdsk isiguse diski hiyo kabla ya nakala kukamilika. Orodha ya mafaili ikiwa imefutika, TestDisk na ndugu yake PhotoRec, kazi za Mfaransa Christophe Grenier, zitafanyia kazi nakala, si diski yenyewe. Baada ya hapo ndipo mtarudi kwenye kasha la rangi ya chai, na multimita, na gomu, na utepe wa nyaya 80, mtafute mhalifu bila haraka, kwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Mtu atasema haya yote ni marefu kwa masikini, na kununua diski nyingine ni rahisi zaidi. Hesabu yake inakosea upande mmoja tu, ule wa hesabu. Gomu, sidii ya Linux, Memtest86+ na ddrescue havigharimu dola. Utepe unatolewa kwenye kompyuta iliyokufa, na Uvira nzima imejaa kompyuta zilizokufa. Diski mpya ndiyo yenye bei, tena ikifungwa ndani ya mashine yenye memori mbovu na volti 11 kwenye waya wa njano, itaanza kuandika takataka siku ile ile ikiwa na dhamana yake mfukoni.

Nimemaliza sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili, juu ya flashi za Kalundu zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 huku ndani zina 8, zikipokea kila mnachozipa na kukimeza, itatolewa siku nyingine, kiingilio kikiwa kimepanda. Maswali yanakaribishwa kwa maandishi; tafadhali yaandikwe kwenye karatasi.